Injini saba za Moscow: India ilivyojifunza kutengeneza roketi zake

Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India kiitwacho Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, na kesho yake kila mtu akawa mtaalamu wa anga. Maneno niliyosikia zaidi yalikuwa ya aina mbili. Wapo waliosema India imebebwa na Warusi, kwamba teknolojia yote ilitoka Moscow ikabandikwa bendera. Na wapo waliosema ni muujiza: nchi iliyokuwa ikisafirisha vipande vya roketi kwa baiskeli, leo iko mwezini. Kila upande una chembe ya ukweli, na kila upande unapotosha. Warusi waliuza kitu, ni kweli. Lakini ukitazama walichouza, walichokataa kuuza, na miaka 20 iliyofuata baada ya kukataa, utaona mambo hayakwenda kama yanavyosimuliwa.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Setilaiti inanunulika. Ukiwa na fedha na wahandisi wachache wazuri, utashirikiana na kampuni ya nje kuiunda, na kampuni nyingine itakurushia. Kenya ilifanya hivyo Aprili 2023, Taifa-1 ikapaa kutoka California juu ya roketi ya SpaceX, na hakuna aibu yoyote hapo. Roketi ni habari nyingine. Anayejua kutengeneza roketi ya kufika obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, anajua pia mengi kuhusu makombora ya masafa marefu, kwa hiyo hakuna dola itakayokaa chini ikufundishe kwa moyo mkunjufu. Utauziwa safari. Ufundi wenyewe utauhangaikia.

Kupanda si kazi, kazi ni kubaki juu

Roketi ndogo ya utafiti inaweza kupanda kilomita 100 au 200 kisha ikaanguka baharini, yote hayo ndani ya dakika chache. Ili chombo kibaki juu, lazima kifikishwe mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa, kikienda sambamba na uso wa dunia. Hapo bado kinaanguka, ila kadiri kinavyoanguka ndivyo dunia inavyojipinda chini yake, basi hakigusi ardhi. Mwendo huo ndio unaokula mafuta. PSLV, roketi ya India iliyofanya kazi nyingi kuliko zote, aina yake kubwa ina uzito wa tani 320 ikiwa imesimama kwenye jukwaa la kurushia. Kinachofika kwenye obiti inayopita juu ya ncha za dunia ni kilo 1,750 tu. Sehemu kubwa ya hizo nyingine ni mafuta, na kinachobaki ni matangi na injini za kuyachoma.

Ndiyo sababu roketi hujengwa kwa ngazi, moja juu ya nyingine. Ngazi ikimaliza mafuta inaachwa ianguke ili isiendelee kuwa mzigo, na ya juu yake inawaka. Kila kuachana kwa ngazi ni nafasi mpya ya ajali, kama tutakavyoona.

Mafuta nayo yana madaraja yake. Kuna mafuta yabisi, ambayo hujazwa kama ujiuji ndani ya ganda la roketi yakagandishwa humo. Unaweza kuyaweka ghalani, ila ukishayawasha huwezi kuyazima. Kuna mafuta ya majimaji, yanayohitaji pampu, vali na mabomba, lakini unaweza kuyatawala. Halafu kuna injini za krayojeniki, zinazochoma haidrojeni na oksijeni zilizopozwa mpaka zikageuka kuwa kimiminika: oksijeni kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, haidrojeni kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Katika aina hizo tatu, hii ndiyo inayotoa msukumo mkubwa zaidi kwa kila kilo ya mafuta, na ndiyo ngumu kupita zote. India ilipanda kwa mpangilio huo huo, yabisi, majimaji, kisha baridi kali, na kila daraja liliichukua zaidi ya miaka kumi.

Kwa nini kujitesa na baridi hiyo yote? Kwa sababu ya runinga na simu. Dishi la Azam au DStv likishafungwa juu ya bati haliguswi tena, kwa kuwa setilaiti inayolihudumia iko kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikizunguka kwa kasi ile ile ya dunia. Kupeleka setilaiti nzito ya mawasiliano upande huo kwa roketi isiyo kubwa mno kunataka ngazi ya juu yenye nguvu kwa uzito mdogo. Asiye nayo humlipa mwenye nayo, na India ilikuwa ikilipa.

Kanisa la Thumba

Mwaka 1962 serikali ya India iliunda kamati ya utafiti wa anga chini ya Vikram Sarabhai, mwanafizikia kutoka familia ya wenye viwanda vya nguo mjini Ahmedabad. Kamati haikuwa na roketi wala mahali pa kurushia. Mahali palipatikana Thumba, kijiji cha wavuvi nje kidogo ya Thiruvananthapuram, jimbo la Kerala.

Sababu ya kuchagua Thumba mara nyingi huelezwa vibaya. Watu husema ni kwa kuwa pako karibu na ikweta. Ikweta ya kawaida iko mbali kusini, zaidi ya nyuzi 8. Iliyopita karibu na Thumba ni ikweta ya usumaku wa dunia, na juu yake, kwenye kimo cha kilomita 100 na kidogo, kuna mkondo wa umeme unaotiririka angani. Puto haliwezi kufika huko, na setilaiti haiwezi kukaa chini kiasi hicho. Roketi ndogo tu ndiyo inayoweza kupita katikati ya mkondo huo na kuupima. Wanasayansi wa nchi nyingine walikuwa na hamu na mahali hapo kwa kazi hiyo, na Sarabhai alijua kuitumia hamu yao.

Katika eneo lililotakiwa kulikuwa na kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria Magdalena na nyumba za wavuvi. Askofu Peter Bernard Pereira aliwaomba waumini, wakaridhia, wakahamishwa. Kanisa likawa ofisi na karakana. Wahandisi waliunganisha vifaa vya roketi pale waumini walipokuwa wakisali. Jengo lipo hadi leo, ni makumbusho. Jioni ya tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza ilipaa. Ilikuwa Nike-Apache ya Marekani, imebeba vifaa vya Ufaransa vya kumwaga mvuke wa sodiamu, na wingu la rangi ya chungwa likaonekana angani. Cha India kilikuwa ardhi, kanisa na vijana waliotoka kufundishwa Marekani, mmoja wao Abdul Kalam, aliyekuja kuwa rais wa nchi.

Picha za baiskeli zimetoka kipindi hicho, na ni za kweli. Lakini ile nyingine inayosambazwa pamoja nazo, ya setilaiti juu ya mkokoteni wa ng'ombe, ina maelezo tofauti. Hiyo ni APPLE, setilaiti ya mawasiliano iliyorushwa na roketi ya Ulaya Juni 1981. Wahandisi walitaka kupima antena zake mahali pasipo na chuma kingi cha kuvuruga mawimbi, na mkokoteni wa mbao ulifaa kuliko lori. Umaskini haukuhusika.

Novemba 1967 India ilirusha roketi ndogo ya kwanza ya kujitengenezea, RH-75, yenye kipenyo cha milimita 75, yaani nyembamba kuliko bomba la maji machafu la nyumbani. Tarehe 15 Agosti 1969, siku ya uhuru, ISRO, shirika la utafiti wa anga la India, ikaundwa rasmi. Sarabhai alifariki ghafla Desemba 1971 na mwaka uliofuata uongozi ukachukuliwa na Satish Dhawan, ambaye alikubali kwa masharti: makao makuu yawe Bengaluru, na yeye aendelee kuongoza taasisi ya sayansi ya mji huo. Mwaka 1972 idara nzima ya anga ikawekwa moja kwa moja chini ya waziri mkuu. Jambo hilo linaonekana la kimakaratasi, lakini bila hilo sidhani kama yaliyofuata yangewezekana. Shirika lililo chini ya wizara ya kawaida likianguka mara mbili mfululizo, bajeti yake hupewa mwingine.

Kuanguka kwa mpangilio

Na kuanguka kulikuwako kwingi. Roketi ya kwanza ya kufika obiti iliitwa SLV-3: urefu wa mita 22, tani 17, ngazi nne za mafuta yabisi, uwezo wa kubeba kilo 40. Kalam ndiye aliyekuwa msimamizi wa mradi. Ilirushwa tarehe 10 Agosti 1979 kutoka kisiwa cha Sriharikota, pwani ya mashariki, na baada ya dakika tano hivi ikawa imeshaingia Ghuba ya Bengal. Vali moja ya mfumo wa kuongoza ngazi ya pili ilikwama wazi, asidi ya nitriki ikavuja, na ngazi ilipowaka hapakuwa na cha kuiongozea.

Kalam alisimulia mara nyingi kilichotokea baadaye. Dhawan aliingia mwenyewe kwa waandishi wa habari, akabeba lawama yeye. Julai 18, 1980 roketi ya pili ilipofaulu kuweka setilaiti ya Rohini kwenye obiti, alimwambia Kalam akazungumze yeye. India ikawa nchi ya saba kurusha setilaiti yake kwa roketi yake, baada ya Umoja wa Kisovieti, Marekani, Ufaransa, Japani, China na Uingereza.

Iliyofuata, ASLV, ilikuwa SLV-3 iliyofungwa roketi mbili za pembeni ili ibebe kilo 150. Mwaka 1987 roketi za pembeni zilimaliza mafuta, na ngazi ya katikati iliyopaswa kupokea haikuwaka. Mwaka 1988 iliwaka, lakini kati ya roketi za pembeni kuisha na ile kupokea kulikuwa na pengo fupi, upepo wa juu ukaitikisa, mfumo wa kuiongoza haukuwa na nguvu za kutosha, ikavunjika. Mwaka 1992 ilifaulu nusu. Mwaka 1994 ikafaulu, kisha ikastaafishwa.

Kwa hesabu ya mhasibu ASLV ni hasara tupu. Lakini humo ndimo ISRO ilimojifunza kufunga roketi za pembeni, kuongoza roketi kwa kompyuta yake yenyewe mpaka mwisho wa safari, na kutoiamini saa. Yaani badala ya kompyuta kuwasha ngazi inayofuata kwa sababu sekunde kadhaa zimepita, ilifundishwa kutazama msukumo wenyewe unavyopungua na kuamua. Jambo hilo hulioni kwenye mchoro wa mtu mwingine. Unalikuta kwenye mabaki na kwenye namba zilizorekodiwa.

PSLV nayo ilianguka safari ya kwanza, tarehe 20 Septemba 1993. Injini zote zilifanya kazi. Kilichoiangusha ni kuachana kwa ngazi ya pili na ya tatu: roketi ilitikisika kuliko ilivyotarajiwa, kompyuta ikatoa amri iliyozidi kikomo, na kosa la programu katika kushughulikia namba iliyozidi likaipoteza. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1994, ikafaulu, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo roketi ya kutegemewa. Ndiyo iliyopeleka chombo cha kwanza cha India mwezini mwaka 2008, na Februari 2017 ilibeba setilaiti 104 kwa mkupuo mmoja.

Jasho kwa ujuzi

PSLV ina ngazi ya pili ya mafuta ya majimaji inayoendeshwa na injini iitwayo Vikas, na hapa ndipo hoja ya "walipewa" inapaswa kuangaliwa kwa makini. Vikas ni ndugu wa Viking, injini ya Ufaransa iliyorusha roketi za Ariane. India haikuiba, na wala haikuinunua kwa fedha nyingi. Mwaka 1974 ISRO na kampuni ya SEP ya Ufaransa walikubaliana hivi: Wafaransa walikuwa na upungufu wa wahandisi, India ikapeleka makumi ya watu wake kufanya kazi ndani ya mradi wa Viking kwa miaka kadhaa, na badala ya mshahara mnono ikapata michoro na haki ya kuitengeneza injini nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 1985 injini iliyotengenezwa India ilipelekwa Ufaransa ikawashwa kwenye mitambo ya majaribio ya huko, ikafanya kazi.

Mkataba wa namna hiyo unamlazimisha mwanafunzi ajue. Waliorudi Kerala walikuwa na michoro mkononi, lakini kubwa zaidi ni kwamba walishika vyuma, waliona kulehemu kulikokataliwa na mkaguzi, walisikia mabishano ya karakana. Kiongozi wao mmoja alikuwa S. Nambi Narayanan, tutamkuta tena muda si mrefu.

Injini saba

Kwa mafuta ya baridi kali India ilijaribu mlango ule ule. Mwaka 1991 ilitia saini mkataba na Glavkosmos, shirika la anga la Umoja wa Kisovieti: kuuziwa injini za KVD-1 pamoja na ujuzi wa kuzitengeneza. Injini hiyo ilikuwa na historia yake. Ilibuniwa kwa ajili ya roketi ya Kisovieti ya kwenda mwezini, mradi ukafa kabla injini haijaruka hata mara moja, ikabaki ghalani.

Kisha Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na Mei 1992 Marekani ikaziwekea vikwazo ISRO na Glavkosmos kwa madai kwamba mkataba unakiuka makubaliano ya kuzuia kusambaa kwa teknolojia ya makombora. Madai hayo yanastahili kupimwa kwa haki. Wasiwasi kuhusu India haukutoka hewani: ilijaribu bomu la nyuklia mwaka 1974, Kalam alihama ISRO mwaka 1982 kwenda kwenye utafiti wa silaha, na kombora la Agni lililojaribiwa mwaka 1989 lilitumia ngazi ya kwanza ya SLV-3. Lakini kuhusu injini ya krayojeniki hasa, hoja ni dhaifu. Kombora la vita linatakiwa kuwa tayari muda wote. Roketi ya haidrojeni hujazwa kwa saa nyingi kabla ya kuruka, na mafuta yake huchemka na kupotea ukiyaacha. Hakuna jenerali anayetaka silaha ya namna hiyo. Mimi naona ushindani wa biashara ya kurusha setilaiti ulikuwa na uzito kuliko ulivyokubalika hadharani.

Urusi ya wakati huo ilihitaji fedha na urafiki wa Washington. Julai 1993 ikalegeza: ujuzi hautatolewa, India itauziwa injini zilizo tayari, saba, basi. Mwaka uliofuata Nambi Narayanan, aliyekuwa akiongoza mradi wa krayojeniki, alikamatwa kwa tuhuma za kuuza siri za anga. Idara kuu ya upelelezi ilisema mwaka 1996 kwamba tuhuma hazina msingi. Mahakama ya Juu ilimwamuru alipwe fidia ya rupia milioni 5 mwaka 2018, miaka 24 baada ya pingu.

Kwa hiyo Warusi walitoa injini saba, na sita kati ya hizo ziliruka kwenye ngazi ya juu ya roketi mpya iliyoitwa GSLV, kati ya 2001 na 2010. Matokeo yalikuwa ya kuchanganya: kufaulu, kufaulu nusu, kuanguka. Muda huo wote timu nyingine ilikuwa ikitengeneza ya kwake, ikiwa na injini ya Kirusi ya kuitazama lakini bila mwalimu wa kuuliza kwa nini kiungo hiki kina unene huu.

Tarehe 15 Aprili 2010 injini ya kwanza ya kienyeji ikapanda. Ngazi mbili za chini zikafanya kazi yake, ya tatu ikawaka, na mara pampu ndogo inayosukuma haidrojeni kuelekea pampu kubwa ikasimama. Roketi ikaanguka baharini. Pampu hiyo inazunguka kwa kasi kubwa mno ndani ya kimiminika cha nyuzi 253 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo kila metali hunywea kwa kiasi chake, na uwazi kati ya kinachozunguka na kilichotulia unaweza kuisha. Desemba mwaka huo huo GSLV nyingine, hii ikiwa na injini ya Kirusi, ilipotea baada ya dakika moja hivi kwa sababu viunganishi vya nyaya vilichomoka. Mwaka mzima, roketi mbili, sifuri.

Walikaa zaidi ya miaka mitatu bila kuirusha tena. Pampu ikabuniwa upya, injini ikajaribiwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa ili kuiga hali ya juu. Agosti 2013 roketi ilisimamishwa jukwaani ikiwa imebaki saa moja na kidogo, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakivuja kutoka ngazi ya pili. Aloi ya alumini ya tangi ilikuwa imeanza kuota nyufa. Kuahirisha mbele ya kamera za nchi nzima si rahisi. Waliishusha roketi, wakabadilisha tangi kwa aloi nyingine, na tarehe 5 Januari 2014 injini ya India iliwaka na kumaliza safari yake yote. Miaka 20 na ushei tangu Moscow ilipofunga mlango.

Kuna jambo la kando hapa linalonivutia. Chombo cha Mars, Mangalyaan, kiliondoka Novemba 2013, yaani GSLV ilipokuwa bado haiaminiki. Ilibidi kipakiwe kwenye PSLV, ambayo haina nguvu ya kukipeleka moja kwa moja. Basi kikazungushwa kuizunguka dunia kwa wiki kadhaa, kila mzunguko injini yake ndogo ikikisukuma mbali zaidi, mpaka kikachomoka. Kilifika Septemba 2014 kwa gharama ya rupia bilioni 4.5, kama dola milioni 74. Waliosifu unafuu huo walikuwa sahihi, ila wengi hawakusema kwamba ujanja wa njia ulitokana na upungufu wa roketi.

Ngomeni na Sriharikota

Msomaji wa pwani yetu atakuwa na swali: kwa nini India na si sisi? Ng'ambo ya bahari hii hii, Ngomeni karibu na Malindi, Waitalia wa Luigi Broglio waliweka majukwaa yao baharini katikati ya miaka ya 1960. Kutoka hapo setilaiti San Marco 2 ilipaa Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa Uhuru, setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina hilo kwa heshima ya siku ya Kenya. Wakati huo India haijaweka hata kilo moja kwenye obiti.

Na Ngomeni ni mahali bora kuliko Sriharikota. Dunia inapozunguka humpa mrushaji mwendo wa bure, mkubwa zaidi kwenye ikweta, kama mita 465 kwa sekunde, na Ngomeni iko nyuzi 3 tu kusini. Sriharikota iko nyuzi 13 na zaidi kaskazini, tena roketi inayoelekea kusini kutoka pale lazima ikunje kona angani ili isipite juu ya Sri Lanka, na kona hiyo inakula mafuta. Ngomeni roketi zilikoma mwaka 1988, kikabaki kituo cha kufuatilia setilaiti. Roketi zilikuwa za Marekani, wahandisi wakuu Waitalia, na Kenya ilikuwa mwenye ardhi. Shirika la anga la Kenya liliundwa mwaka 2017. Thumba ilianza na roketi za Marekani vile vile, lakini kila mgeni aliyekuja kupima mkondo wa umeme alikuta Mhindi pembeni yake aliyelipwa na serikali ya India kusimama pale na kuuliza maswali, na aliyekuwa na kazi ya kurudia kesho yake mgeni akishaondoka.

Je, fedha hizo zingejenga hospitali? Swali hili Sarabhai aliulizwa tangu mwanzo, na jibu lake lilikuwa kwamba nchi maskini haishindani na wakubwa kwenda mwezini, inatafuta njia ya kufikisha elimu, hali ya hewa na simu kwa watu wengi walio mbali. Mwaka 1975 setilaiti ya kuazima kutoka NASA ilipeleka vipindi vya runinga vya kilimo na afya kwenye vijiji 2,400 hivi. Kimbunga cha Odisha cha 1999 kiliua watu wapatao 10,000; Phailin, kimbunga kikali cha pwani hiyo hiyo mwaka 2013, waliokufa hawakufika mia. Setilaiti peke yake haikuokoa watu, kulikuwa na majengo ya kukimbilia na karibu watu milioni walihamishwa mapema, lakini amri ya kuhama ilitegemea kukiona kimbunga kikiwa bado mbali baharini. Leo ISRO imekwenda mwezini hata hivyo, na sioni haja ya kujifanya kwamba fahari ya taifa haimo.

Kuanguka nako hakujaisha. Mwaka 2019 chombo cha Chandrayaan-2 kiligonga mwezi kwa sababu injini zake zilisukuma kuliko ilivyokadiriwa, makosa madogo yakajumlishana, na kompyuta haikuruhusiwa kugeuza chombo haraka ya kutosha. Chandrayaan-3 ikaongezewa mafuta, ikaimarishwa miguu, ikapunguzwa injini moja, na eneo la kutua likapanuliwa kutoka nusu kilomita kwa nusu kilomita hadi kilomita 4 kwa 2.4. Mei 2025 PSLV yenyewe, ile ya kutegemewa, ilipoteza setilaiti baada ya ngazi ya tatu kupungukiwa na shinikizo.

Kinachosubiriwa sasa ni watu. Agosti 2018 Waziri Mkuu Narendra Modi aliahidi Mhindi atapaa kwa roketi ya India ifikapo 2022. Mwaka huo ulipita. Roketi itakayowabeba ni LVM3, ile iliyopeleka Chandrayaan-3, na ngazi yake ya juu inaendeshwa na CE-20, injini ya krayojeniki ambayo haifuati hata mpangilio wa ndani wa ile ya Kirusi. Wahandisi walichagua njia rahisi zaidi ya kuendesha pampu zake, wakapoteza ufanisi kidogo ili wapate kitu wanachokielewa mpaka kwenye skrubu. Februari 2024 ISRO ilitangaza kwamba CE-20 imekidhi masharti ya kubeba binadamu. Kiwango kilikuwa sekunde 6,350 za kuwaka. Walichukua injini nne, wakaziwasha mara 39, wakafikisha sekunde 8,810.